Mlango wa hewani: Tuufunge kwa ufunguo ulio imara

Nyumba ya Mswahili ina mpangilio wake. Nje kuna baraza, mahali anapoketi jirani, mpita njia na mgeni ambaye bado hatujamjua vyema. Baada ya baraza kuna ukumbi, nao ni wa aliyebisha hodi akakaribishwa. Kisha kuna ndani, na huko haingii mtu ila wenye nyumba na jamaa zao wa karibu. Wazee wetu hawakuziweka hatua hizi tatu kwa uchoyo. Waliziweka ili ukarimu upate mahali pake, na sitara nayo ipate mahali pake, na kimoja kisimharibie mwenzake.

Leo nyumba nyingi za mijini, na nyingine zilizo vijijini, zimeongezewa mlango mmoja ambao mwashi hakuujenga wala seremala hakuuchonga. Mlango huo ni kile kisanduku chenye taa ndogondogo kilichowekwa juu ya kabati la televisheni, ambacho mafundi hukiita ruta. Kisanduku hiki huigawa intaneti kwa simu, vishikwambi, kompyuta na televisheni za nyumba kwa njia ya mawimbi ya redio. Na mawimbi ya redio hayajui kuta zetu zimeishia wapi. Mpangaji wa chumba cha uani, kijana aliyeketi barazani kwa jirani, na mtu aliyeegesha gari chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, wote wanafikiwa na mawimbi yale yale yanayomfikia mwenye nyumba aliyelipa bili.

Kwa hiyo swali si kama mawimbi yatatoka nje. Yatatoka tu. Swali ni kama atakayeyapokea huko nje ataweza kuyatumia na kuyasoma. Jibu la swali hilo limo katika jambo moja ambalo wengi wetu tumemwachia fundi aliyekuja kufunga mtambo, naye akalimaliza kwa dakika mbili na kuondoka: ufunguo wa usimbaji fiche, yaani ile nywila ya Wi-Fi pamoja na aina ya ulinzi iliyochaguliwa nyuma yake.

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa kirefu katika kurasa hizi za familia, kwa sababu anayeathirika mlango huu unapoachwa wazi si mtaalamu wa kompyuta. Ni baba anayehifadhi hati zake kwenye simu, ni mama anayefanya miamala ya biashara yake akiwa jikoni, ni watoto wanaosoma na kucheza mtandaoni. Tena si kazi ya kushinda uwezo wetu. Aliyejua kufungua akaunti ya pesa kwa simu ataiweza.

Ufunguo hufanya kazi mbili

Watu wengi hudhani kwamba nywila ya Wi-Fi imewekwa ili majirani wasimalize bando. Hiyo ni kazi moja tu, nayo ndiyo iliyo nyepesi. Kazi ya kwanza ya ufunguo ni kumzuia asiyeruhusiwa kuingia. Kazi ya pili ni kuyageuza maneno yote yanayosafiri hewani kati ya simu na ruta yawe fumbo ambalo hawezi kulifumbua ila mwenye ufunguo. Ndiyo maana ya usimbaji fiche. Mtandao usio na ufunguo ni mfano wa postikadi: kila mkono inaopitia waweza kuisoma. Mtandao wenye ufunguo imara ni barua iliyotiwa ndani ya bahasha, bahasha ikatiwa ndani ya kasha, na kasha likafungwa.

Kwamba mtu apitaye njiani aweza kuyaokota yaliyomo hewani si jambo la kubuni. Mwezi Mei 2010 kampuni ya Google ilikiri kwamba magari yake yaliyokuwa yakipiga picha za mitaa katika nchi nyingi duniani yalikuwa pia yakikusanya vipande vya data kutoka katika mitandao ya Wi-Fi ya majumbani isiyokuwa na ufunguo. Magari yale hayakusimama mlangoni kwa mtu wala hayakuvunja kitu. Yalipita tu. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 7 katika mapatano na majimbo 38 ya Marekani pamoja na Wilaya ya Columbia. Tuzingatie hapa jambo moja: nyumba zilizokuwa zimefunga mitandao yao kwa usimbaji fiche, maneno yao hayakusomeka.

Makufuli yaliyovunjika

Anayefungua mipangilio ya ruta yake hukutana na orodha ya herufi zinazotisha: WEP, WPA, WPA2, WPA3. Akiijua historia yake kidogo, hofu humtoka na uchaguzi humwia rahisi.

Kanuni za mitandao isiyotumia waya zilitolewa mwaka 1997, na ndani yake kulikuwa na ulinzi ulioitwa WEP. Jina lake liliahidi kwamba usiri wake ungelingana na ule wa waya. Haukulingana. Kila pakiti ya data iliyorushwa hewani ilitiwa nambari ya kuchanganya siri, na nambari hiyo ilikuwa na biti 24 tu. Hii ina maana kwamba nambari zote zilizowezekana ni 16,777,216, na katika mtandao wenye shughuli nyingi huchukua saa chache tu kabla ya kuanza kurudiwa. Fumbo linalorudiwa hufumbuliwa. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walichapisha udhaifu wa msingi katika jinsi WEP inavyotumia ufunguo wake. Kufikia mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Darmstadt nchini Ujerumani walionyesha kwamba ufunguo wa WEP waweza kupatikana kwa muda usiozidi dakika moja.

Hasara yake ilionekana mwaka ule ule. Kampuni ya TJX ya Marekani, yenye maduka mengi ya nguo, ilitangaza Januari 2007 kwamba wezi wameingia katika mitambo yake. Baadaye ikasema kwamba kadi za malipo zisizopungua milioni 45.7 zilihusika. Makamishna wa faragha wa Kanada walipolichunguza suala hilo waliona kwamba yaelekea wezi waliingia kupitia mitandao ya Wi-Fi ya maduka, na wakailaumu kampuni kwa kuchelewa kuiacha WEP ilhali udhaifu wake ulikwisha kujulikana kwa miaka. Kufuli lilikuwepo mlangoni. Ila lilikuwa kufuli ambalo kila mwizi alikwisha kupata mfano wa ufunguo wake.

Mwaka 2003 ulitolewa ulinzi wa muda ulioitwa WPA, ili vifaa vya zamani vipate nafuu. Mwaka 2004 ikaja WPA2, inayotumia njia madhubuti ya usimbaji iitwayo AES, na kuanzia mwaka 2006 kila kifaa kipya kilichotaka cheti cha Wi-Fi kililazimika kuwa nayo. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji alionyesha ufa katika namna simu na ruta zinavyopeana funguo za WPA2. Ufa huo haukufichua nywila yenyewe, nao ulizibwa kwa kusasisha programu za vifaa. Mwaka 2018 ikatolewa WPA3, ambayo ndiyo bora kuliko zote hizo.

Muhtasari wake ni huu. WEP haifai tena. WPA ya kwanza nayo imepitwa. WPA2 yenye AES inatosha nyumba nyingi, mradi nywila yake iwe imara. WPA3 ichaguliwe kila inapopatikana. Ruta isiyojua lolote zaidi ya WEP imefikia ukomo wa kazi yake, nayo inafaa ibadilishwe.

Je, kufunga ni uchoyo?

Hapa pana swali ambalo familia nyingi huliuliza, nalo ni swali la haki. Je, yawaje mtu amnyime jirani kitu ambacho hakimpunguzii sana? Mtoto wa jirani ana mtihani, hana bando. Mgeni ametoka safari, anataka kuwajulisha nyumbani kwamba amefika salama. Je, tumwambie hapana?

Jibu letu ni kwamba tusimwambie hapana, lakini tumkaribishe barazani, tusimpe ufunguo wa chumbani. Sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza inahusu namna WPA2 inavyofanya kazi. Nyumba nzima hutumia nywila moja. Mtu anayeijua nywila hiyo, akiwa na programu zinazofaa na akanasa zile pakiti za mwanzo wakati simu inapojiunga na ruta, aweza kuzifungua pakiti za wenzake waliomo katika mtandao huo huo. Basi anayepewa nywila ya WPA2 hakupewa intaneti tu. Amepewa na uwezo wa kusikiliza, hata kama hana nia hiyo. Na nywila ikishatoka mdomoni hairudi: jirani atampa ndugu yake, ndugu atampa rafiki, na baada ya mwezi hakuna ajuaye ni nani waliomo. WPA3 imeuziba mlango huu, kwa kuwa kila kifaa hupata siri yake ambayo hata mwenye nywila hawezi kuikokotoa kwa kusikiliza tu. Lakini nyumba nyingi bado zinatumia WPA2.

Sababu ya pili ni dhamana. Kinachofanywa kupitia ruta yetu huonekana huko nje kuwa kimetoka kwetu. Tarehe 12 Mei 2010 Mahakama ya Shirikisho ya Haki ya Ujerumani, iliyoko Karlsruhe, ilitoa hukumu katika kesi ya mtu ambaye mtandao wake wa nyumbani ulitumiwa kusambaza wimbo bila ruhusa ya wenye haki. Mtu huyo alikuwa likizoni wakati huo, si yeye aliyefanya. Mahakama haikumtoza fidia ya kosa lenyewe. Hata hivyo ilimwona kuwa na wajibu, kwa kuwa aliiacha ruta na mipangilio ya kiwandani bila kuweka nywila yake mwenyewe iliyo ndefu na imara. Sheria ya nchi hiyo ilirekebishwa mwaka 2017, na sheria zetu si sheria zao. Lakini fundisho lake linafahamika kwa kila mwenye nyumba: ni shida kumweleza askari au mwenye madai kwamba lililofanywa kwa jina lako halikufanywa na wewe.

Dawa ya jambo hili imo ndani ya ruta nyingi za siku hizi, nayo ni mtandao wa wageni. Ruta moja hutoa mitandao miwili yenye majina mawili na nywila mbili. Aliye katika mtandao wa wageni huipata intaneti, lakini hazifikii kompyuta, printa wala kamera za nyumba. Nywila yake yaweza kubadilishwa kila mwezi bila kuigusa ya nyumba. Ruta nyingine huruhusu hata kuuwekea mtandao huo kikomo cha kasi. Hilo ndilo baraza la hewani. Mtoto wa jirani atasoma, mgeni atapiga simu yake, na sitara ya ndani itabaki ndani.

Ama upande wa pili wa jambo hili, tusiwafiche vijana wetu ukweli. Kuna wanaojivunia ujuzi wa kuingia katika Wi-Fi ya watu. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2018. Lakini hata kabla ya kufika mahakamani, kijana afundishwe kwamba kuingia katika mtandao wa mtu bila kukaribishwa ni sawa na kuingia nyumbani kwake bila hodi. Mlango kusahauliwa wazi si idhini.

Nywila ya namna gani?

WPA2 hukubali nywila ya herufi 8 hadi 63. Ruta huichukua nywila hiyo, huichanganya na jina la mtandao, na huisaga mara 4,096 hadi ipatikane siri ya biti 256 ambayo ndiyo ufunguo hasa. Usagaji huo umekusudiwa kumchelewesha mwenye kubahatisha. Lakini adui wa WPA2 hana haja ya kusimama mlangoni akijaribu nywila moja moja. Hunasa mawasiliano mafupi ya simu inapojiunga na ruta, akaenda nayo kwake, na huko kompyuta yake ikabahatisha usiku na mchana bila sisi kuwa na habari.

Tufanye hesabu. Nywila inayopendwa sana majumbani ni namba ya simu ya baba au ya mama. Namba zetu zina tarakimu 10, lakini mbili za mwanzo zinajulikana: ni 07 au 06. Zinabaki tarakimu 8, nazo hutoa namba milioni 100 kwa kila mwanzo, jumla milioni 200. Kadi ya michoro ya kompyuta ya kisasa huweza kujaribu nywila za WPA2 laki kadhaa kwa sekunde moja. Kwa kasi ya laki 5 kwa sekunde, namba zote hizo milioni 200 humalizika kwa sekunde 400, muda usiofika dakika 7. Na kama jirani anayo namba hiyo kwenye simu yake, hahitaji hata sekunde hizo.

Tarehe za kuzaliwa ni dhaifu zaidi. Majina ya watoto, jina la mtaa, jina la timu ya mpira, au neno mashuhuri lililofuatishwa na 123 au 786, yote hayo ndiyo yanayojaribiwa mwanzo. Methali, nayo, na kila kauli inayojulikana na watu haina siri ndani yake, hata ikiwa ndefu.

Njia iliyo nyepesi na imara ni maneno kadhaa yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati. Chukua kamusi, fumba macho, fungua ukurasa wowote, weka kidole, andika neno lililoguswa. Fanya hivyo mara tano. Tuseme kwa uchache kwamba kila neno limetoka katika maneno 2,000 yanayowezekana. Kwa maneno manne, kadi ile ile ingehitaji takriban mwaka mmoja kuyapitia yote. Kwa maneno matano, ingehitaji zaidi ya miaka 2,000. Neno moja tu la nyongeza limezidisha kazi mara 2,000. Mfano wake ni kama: kitana-ngalawa-shubaka-tanuri-mkizi. Bibi ataikumbuka, mtoto ataiandika bila kukosea, na mwizi atachoka. Ila mfano huu umekwisha kuchapishwa gazetini, kwa hiyo usiutumie, tafuta yako. Wala usiyabadili maneno uliyoyapata kwa kuwa hayakupendezi, kwani nguvu yake imo katika bahati, na si katika uzuri.

Hatua za kufuata

La kwanza, ikaribie ruta na uigeuze uone kibandiko cha chini au cha nyuma. Hapo pameandikwa anwani ya kuingilia, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Simu au kompyuta iwe imeunganishwa na ruta hiyo. Fungua kivinjari, andika anwani ile pale juu, nawe utaletewa ukurasa wa kuingia. Kama ruta ina programu yake ya simu, waweza kuitumia hiyo.

La pili, badili nywila ya msimamizi. Hii si nywila ya Wi-Fi. Ni ufunguo wa ruta yenyewe, na anayeushika aweza kubadili kila kitu, pamoja na hiyo Wi-Fi. Ruta nyingi zimetoka kiwandani na nywila moja inayojulikana ulimwengu mzima. Weka yako, iwe tofauti na ile ya Wi-Fi.

La tatu, nenda sehemu iliyoandikwa Wireless au WLAN. Badili jina la mtandao. Jina la kiwandani humwonyesha mtu aina ya ruta, na kwa kuwa jina huchanganywa katika ufunguo, jina linalotumiwa na maelfu ya nyumba humrahisishia kazi mwenye kubahatisha. Usiweke jina la ukoo wala namba ya nyumba. Jina lisilomtaja mtu latosha.

La nne, katika aina ya ulinzi chagua WPA3. Kama baadhi ya simu zenu ni za zamani, chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3. Kama WPA3 haimo, chagua WPA2 yenye AES. Ukiona neno TKIP, liepuke, maana hilo ni la enzi ya WPA ya kwanza. Kisha andika nywila yenu mpya na uhifadhi.

La tano, zima njia ya kujiunga kwa namba ya siri ya WPS. Njia hii ilikusudiwa kurahisisha mambo kwa namba ya tarakimu 8. Lakini Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huihakiki namba hiyo nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kwa hiyo badala ya majaribio milioni 100, majaribio 11,000 yanatosha. Nywila yenu ya maneno matano haitafaa kitu ikiwa pembeni yake pameachwa dirisha la namna hii.

La sita, zima usimamizi wa kutoka nje ya nyumba kama hauhitajiki, fungua mtandao wa wageni kwa nywila yake, kisha tafuta sehemu ya kusasisha programu ya ruta. Nyufa hugunduliwa kila baada ya muda, na dawa yake huja kwa njia hiyo.

Mwisho, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nywila ikibadilishwa, vyote hutolewa, na kila kimoja huingizwa upya. Basi kazi hii ifanywe jioni ambapo watu wa nyumba wapo, isije ikawa mama yumo katikati ya muamala au mtoto yumo darasani mtandaoni. Kifaa ambacho hakuna anayekijua hakitarudi, na hapo ndipo itakapojulikana kilikuwa cha nani.

Ufunguo hauwezi yote

Si haki kuusifu ufunguo kupita kiasi. Usimbaji wa Wi-Fi hulinda safari ya data kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta tu. Kutoka hapo kwenda mbele, ulinzi ni kazi ya tovuti na programu zenyewe. Programu za benki na tovuti nyingi za leo zina usimbaji wake, na hilo ni jambo jema, lakini halituondolei haja ya kufunga nyumbani, kwa sababu aliye ndani ya mtandao wetu huzifikia kamera, printa na ruta yenyewe, na mara nyingi huona majina ya tovuti tunazozitembelea.

Tena ufunguo humzuia mtu wa nje. Hauchagui kinachoingia kwa watu wa ndani. Mzazi asidhani kwamba akishaweka WPA3 amemaliza malezi. Yale mazungumzo na watoto, saa za kuweka simu chini, na kujua wanaongea na nani, hayana nywila inayoweza kuchukua nafasi yake.

Limebaki suala la nani aushike ufunguo. Katika nyumba nyingi anayeujua peke yake ni kijana wa miaka kumi na tano, naye ndiye huulizwa kila mara. Hatusemi kijana aondolewe katika kazi hii. Ni vyema afundishwe na ashirikishwe. Lakini baba na mama wote wawili waijue nywila ya msimamizi, na iandikwe katika daftari linalokaa pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya nyumba. Kuandika kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini si kosa. Kosa ni kuibandika ukutani sebuleni. Na kila anapohama mpangaji, anapoondoka mfanyakazi, au inapopotea simu iliyokuwa imeunganishwa, ufunguo ubadilishwe siku hiyo hiyo, kama ambavyo tungebadili kitasa cha mlango wa mbele.

Kazi yote tuliyoieleza haifiki saa moja, na gharama yake ni kufungua kamusi. Tunawaomba wakuu wa familia waitenge jioni moja ya wiki hii, waigeuze ruta wasome kibandiko chake, na kabla ya kulala wawe wamejua ni nani waliomo ndani ya nyumba yao.